Binadamu Si Mgodi: Sheria ya Viinitete Isisubiri Maafa



Katika tafakari yetu ya wiki hii tunajibu swali lililoletwa na wazazi wenye mtoto mgonjwa wa selimundu. Wamesikia ya kuwa ugonjwa huo, ambao wengi wetu tuliuhesabu kuwa hauponi, sasa waweza kutibiwa kwa kile kinachoitwa seli shina. Wamesikia pia, kutoka kwa waamini wenzao, ya kuwa Kanisa limekataza seli shina. Nao wanauliza: Je, imani yetu yatudai tumwache mtoto ateseke wakati dawa ipo?

Jibu letu ni hapana, na tunalitoa kwa furaha. Hata hivyo swali lao limegusa jambo jingine ambalo taifa letu halijalijibu. Ni nani anayemlinda binadamu aliye mdogo kuliko wote, yule asiyeonekana pasipo hadubini, pale anapokuwa mikononi mwa mtaalamu wa maabara na si tumboni mwa mama yake? Sisi tunasadiki kwamba Serikali inao wajibu wa kutunga sheria juu ya jambo hilo, na kwamba wakati wake ni sasa, kabla fedha haijatangulia.

Seli shina ni za namna mbili

Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kujizidisha na kugeuka kuwa seli za namna nyingine. Ndani ya mifupa yetu mna uloto, na ndani ya uloto mna seli shina zinazotengeneza damu usiku na mchana. Zimo pia katika damu ya kitovu inayobaki mtoto akiisha kuzaliwa. Seli za namna hii huchukuliwa kwa mtu naye akabaki hai na mzima. Ndugu akimpa nduguye uloto, mwili wake huurudisha baada ya majuma machache.

Namna ya pili hutoka katika kiinitete, yaani binadamu katika siku zake za mwanzo, baada ya yai la mama kuungana na mbegu ya baba. Mwaka 1998 mtafiti James Thomson wa Marekani alifaulu kwa mara ya kwanza kuzitenga na kuzikuza seli hizo katika maabara. Ili kuzipata, kiinitete cha siku tano au sita hivi huvunjwa, nacho hufa. Hapo ndipo penye ugomvi. Kanisa halikatazi seli shina. Linakataza kumwua mmoja ili kumtibu mwingine. Hati iitwayo Dignitas Personae, iliyotolewa mwaka 2008 na ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, yaitenga wazi njia moja na nyingine: ile isiyomdhuru anayetoa seli yakubalika na hata yahimizwa, na ile inayoua kiinitete yakataliwa.

Sayansi yenyewe nayo imefungua njia. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, kwa seli za panya, jinsi seli ya kawaida ya mwili inavyoweza kurudishwa katika uchanga unaofanana na ule wa seli za kiinitete. Mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Basi wanaosema kwamba bila kuvunja viinitete hakuna maendeleo hawajasimulia habari yote.

Habari njema kwa Kanda ya Ziwa

Selimundu ni ugonjwa wa kwetu. Yakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoguswa zaidi. Sababu yake ni ya kale. Mtu aliyerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye malaria nyingi kasoro hiyo imedumu vizazi kwa vizazi. Bali mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Hufuata maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na kwa wengine kiharusi. Wazazi waliokesha na watoto hao katika wodi za Bugando hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuuondoa uloto wake mbovu, kisha huwekewa seli shina za ndugu ambaye mwili wake unaoana na wake. Kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana na mgonjwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ambayo huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, hurekebisha vinasaba vyake na kumrudishia. Bei yake huko Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kiasi ambacho kwetu ni ndoto. Lakini tuone jambo moja: tiba hizi mbili hutumia seli shina za mtu aliyekwisha kuzaliwa.

Kwa hiyo tunawaambia wazazi hao, na wengine wenye mzigo kama wao: nendeni kliniki, ulizeni juu ya dawa ya haidroksiurea, ulizeni juu ya kupandikiza uloto. Tiba hiyo ina hatari zake na gharama zake, nanyi mtazipima pamoja na madaktari, dhambi haimo. Ndugu anayetoa uloto wake amefanya tendo la upendo ambalo Kanisa lalibariki kwa mikono miwili.

Palipo na pengo

Sasa tuseme familia haina ndugu anayeoana na mgonjwa. Katika nchi za ng'ambo wazazi huonyeshwa njia nyingine: viinitete kadhaa hutengenezwa katika maabara, hupimwa kimoja kimoja, na kile kisicho na ugonjwa na kinachooana na mgonjwa hupandikizwa tumboni. Vilivyobaki hugandishwa, hutupwa, au hukabidhiwa watafiti. Mwaka 2000 huko Marekani alizaliwa mtoto wa kwanza aliyechaguliwa kwa namna hiyo. Mtoto huyo ni zawadi ya Mungu kama mtoto mwingine yeyote, wala hatumnyoshei kidole. Tunauliza tu juu ya ndugu zake wasiochaguliwa.

Msidhani kwamba haya yako mbali. Dar es Salaam zimo tayari kliniki za upandikizaji mimba. Wanandoa wanaozikimbilia hatuwahukumu. Tunayajua machozi yao. Katika jamii yetu mwanamke asiyezaa huitwa majina, husimangwa na mawifi, na pengine hurudishwa kwao ng'ombe za mahari zikadaiwa. Msimamo wa Kanisa juu ya utungaji mimba katika maabara umeelezwa tangu hati Donum Vitae ya mwaka 1987, nasi tutaueleza kwa upole wiki nyingine. Leo tunauliza maswali ambayo raia yeyote, awe Mkristo, Mwislamu au mwenye dini ya jadi, aweza kuyauliza. Kiinitete kilichobaki katika mtungi wa baridi ni cha nani? Kitakaa humo miaka mingapi? Wazazi wakiachana au wakifariki, nani ataamua? Je, chaweza kuuzwa? Je, chaweza kusafirishwa nje ya nchi na kuvunjwa katika maabara ya watu wasiojulikana?

Tanzania si nchi isiyo na sheria. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 150 hadi 152, yakataza kuitoa mimba kinyume cha sheria. Sheria ya vinasaba vya binadamu, Namba 8 ya mwaka 2009, yaratibu jinsi sampuli zinavyochukuliwa, zinavyosafirishwa, zinavyohifadhiwa na kuteketezwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hupima maadili ya tafiti za afya. Haya yote ni mema. Lakini sheria mahsusi ya Bunge inayomtaja binadamu aliye kiinitete nje ya mwili wa mama hatunayo. Tone la mate ya mtu lina sheria yake, na mtu mwenyewe katika siku yake ya kwanza hana.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunalielewa hili upesi kuliko wengine, kwa maana tunaishi juu ya dhahabu na almasi. Mchimbaji mdogo hana ruhusa ya kuchimba pasipo leseni. Tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita na mengine yakafuata, gramu ya dhahabu hupimwa, huandikwa na kutozwa kodi. Mwaka 2017 taifa zima lilisimama kwa sababu ya makinikia yaliyokuwa ndani ya makontena kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, tukitaka kujua kilichomo hadi chembe ya mwisho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mchanga wa mgodini wastahili daftari, binadamu anastahili zaidi ya daftari.

Tulichokwisha kujifunza kwa uchungu

Kanda yetu inayo kumbukumbu nyingine, nayo ni ya aibu. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa, Shinyanga, Geita, Mwanza na kwingineko, kwa sababu baadhi ya watu waliaminishwa kwamba viungo vyao vyaleta bahati machimboni na ziwani. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Serikali ilitenda, lakini ilitenda baada ya makaburi.

Hatusemi kwamba daktari wa maabara ni sawa na muuaji wa porini. Mmoja ataka kuponya, mwingine alitaka utajiri. Mmoja amesoma, mwingine alidanganywa. Tunasema kwamba wazo lililo chini ya mambo haya mawili ni moja: kwamba yupo binadamu ambaye mwili wake ni mali ghafi kwa faida ya mwingine. Wazo hilo likikubaliwa mara moja, kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema, halikai mahali pake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hoja za wanaopinga

Wako wanaosema: kiinitete ni kidogo mno, hakina moyo wala ubongo, chawezaje kuitwa mtu? Tunajibu kwamba udogo haujawahi kuwa kipimo cha utu. Tangu yai na mbegu vinapoungana yupo kiumbe mpya, mwenye vinasaba vyake mwenyewe, ambavyo si vya mama wala vya baba, akianza safari moja isiyokatika hadi uzee. Kila mmoja wetu anayesoma maneno haya alipitia siku ile ya tano, na aliyevunjwa siku ile angekuwa yeye, si mwingine.

Wako wanaosema: viinitete vilivyobaki vitakufa tu, afadhali vitumike. Hii tunaiita hoja ya marudio. Wachimbaji wetu wajua marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao hupelekwa kuchenjuliwa tena ili kisipotee kitu. Kwa mchanga ni busara. Lakini mgonjwa aliye mahututi naye atakufa, na hakuna kati yetu atakayemruhusu daktari amkate viungo angali hai kwa sababu hiyo. Tena hoja hii haiulizi kwa nini vilitengenezwa vingi kupita vinavyohitajika. Sheria nzuri huanza hapo.

Wako wanaosema: Serikali haina dini, msituletee mambo ya kanisani. Ni kweli, Serikali haina dini. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 14, yatambua haki ya kila mtu ya kuishi, na swali la nani ni mtu haliepukiki kwa kunyamaza. Sheria ikinyamaza, jibu litatolewa na mwenye fedha.

Wengine walivyofanya

Afrika ya Kusini, katika Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003, ilikataza kutengeneza binadamu kwa kunakili mwingine, na ikaweka utafiti wa viinitete chini ya kibali cha Waziri, visizidi siku 14. Nchini Kenya mbunge Millie Odhiambo amekuwa akisukuma muswada wa uzazi wa kusaidiwa tangu mwaka 2014. Nchini Uganda muswada wa namna hiyo uliwasilishwa na mbunge Sarah Opendi. Majirani wanajadili, sisi hatuna sababu ya kungoja.

Lakini tusiige bila kupima. Uingereza iliweka kikomo cha siku 14, kilichopendekezwa na kamati ya Mary Warnock mwaka 1984 na kuwa sheria mwaka 1990. Mwaka 2001 sababu za kuruhusu utafiti zikaongezwa. Mwaka 2008 sheria ikaruhusu viinitete vilivyochanganywa na vya wanyama kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2021 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Seli Shina ikakiondoa kikomo cha siku 14 katika orodha ya mambo inayoyakataza. Mstari uliochorwa kwa kuhesabu siku husogezwa kila wanaoutaka wakipata nguvu. Ujerumani ilichagua njia nyingine mwaka 1990: ilikataza kiinitete kutumiwa kwa jambo lolote lisilo la kukihifadhi chenyewe. Nayo ilipofika mwaka 2002 ikaruhusu, kwa masharti, kuingiza seli zilizokwisha kutolewa kwingine. Mfano wake hauna ukamilifu, lakini msingi wake ni imara kuliko kuhesabu siku.

Tunachoiomba Serikali

Kwanza, kliniki zote zinazotunga mimba katika maabara ziandikishwe na kukaguliwa, na kila kiinitete kiwe na kumbukumbu yake. Pili, visitengenezwe vingi kuliko vitakavyopandikizwa kwa mama mwenyewe. Tatu, isiruhusiwe kutengeneza wala kuvunja kiinitete kwa ajili ya utafiti. Nne, ununuzi na uuzaji wa viinitete na wa mayai ya uzazi ukatazwe kabisa, na kusafirisha viinitete nje kwa ajili ya utafiti pia. Fikirini binti maskini katika kambi ya machimbo, akiahidiwa fedha ambazo hajawahi kuzishika ili achomwe sindano za homoni na kutolewa mayai. Hatari za kiafya ni zake, faida ni ya wengine. Tano, fedha ya umma ielekezwe katika seli shina za uloto na za damu ya kitovu, ili mtoto wa Kishapu au Bukombe apate nafasi ile ile ya kupandikizwa kama mtoto wa mwenye uwezo.

Twajua kwamba sheria hiyo, hata ikitungwa, haitakuwa na yote ambayo Kanisa linafundisha. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, aya ya 73, alieleza kwamba mbunge Mkatoliki ambaye msimamo wake wajulikana wazi aweza kuunga mkono sheria inayopunguza madhara, pale isipowezekana kuyaondoa yote. Basi asiwepo wa kusema kwamba, kwa kuwa hatutapata yote, tukae kimya.

Nasi waamini tunayo sehemu yetu. Wachumba wapime selimundu kabla ya ndoa, ili wajue mapema na kujiandaa. Jumuiya ndogondogo zichangie nauli ya mzazi anayempeleka mtoto Dodoma. WAWATA wawasimamie kina mama wasiojaliwa watoto, wasisimangwe parokiani kwetu. Wanataaluma wetu wa afya na wa sheria wakutane, waandike maoni yao na kuyafikisha kwa wabunge wa majimbo yetu ya uchaguzi, kwa lugha ya hoja na heshima.

Yule ambaye hajapata sauti hana mbunge, hana wakili, wala hana kadi ya kupigia kura. Ana sisi tu. Mwenyezi Mungu atujalie tusimtazame kama mwamba wa kupondwa, bali kama ndugu aliyetangulia kujulikana naye kabla sisi hatujamwona.

Tuendelee kuombeana. Amina.